Nia ya Mwenye Kutafuta



Siku moja baada ya sala ya Ijumaa alinijia bwana mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, akaniomba tukae kando. Alisema kwamba aliingia katika Uislamu miaka kumi na saba iliyopita. Hakuingia kwa kusoma kitabu wala kwa kusikia hotuba. Aliingia kwa sababu wazazi wa binti aliyempenda walikataa kumwoza mtu asiyekuwa Mwislamu. Alitamka shahada siku ya Alhamisi, na Jumapili akaoa. Tangu siku hiyo amekuwa akisali na kufunga pamoja na mkewe, kwanza kwa kufuata desturi ya nyumba, baadaye kwa mapenzi. Sasa alikuwa amejifunza kusoma vitabu vya dini, akakutana na Hadithi ihusuyo nia, na hofu ikamwingia. Swali lake lilikuwa hili: "Sheikh, ikiwa mlango nilioingilia haukuwa mlango, je, nimo ndani ya nyumba?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe juma moja, kwa maana niliona kwamba swali lake si lake peke yake. Ni swali la kila mmoja wetu aliyepata kushika kitabu cha dini mkononi.

Hadithi iliyomtia hofu ni ile ambayo Imam Bukhari ameiweka mwanzo kabisa wa mkusanyo wake, kabla ya nyingine zote. Humo Mtume Muhammad s.a.w. anafundisha kwamba amali hupimwa kwa nia iliyo nyuma yake, kisha anatoa mfano wa kuhama: mtu aweza kuhama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, na mwingine aweza kuhama kwa ajili ya mali au mwanamke, na kila mmoja atafika kule alikokukusudia. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya wasafiri hawa wawili. Jangwa ni moja, jua ni moja, kiu ni moja. Wanafika Madina jioni moja na kupokewa na watu wale wale. Mpiga picha angewapiga picha, asingeona tofauti yoyote kati yao. Lakini mmoja amefika kwa Mungu, na mwenziwe amefika Madina tu.

Tena Ibn Masud r.a. ameeleza kwamba kweli alikuwapo mtu aliyemposa mwanamke aitwaye Umm Qays, naye akakataa kuolewa mpaka mposaji ahame. Akahama, akamwoa, na masahaba wakawa wakimwita Mhajiri wa Umm Qays. Wengi husimulia kwamba Hadithi ya nia ilisemwa kwa sababu ya mtu huyo. Ibn Hajar, yule mfasiri mkubwa wa Bukhari aliyefariki mwaka 1449, anasema habari yenyewe ni sahihi, ila haimo dalili kwamba Hadithi ilisemwa kwa ajili yake. Naomba msomaji aikumbuke habari hii, tutairudia.

Katika lugha yetu neno nia limetumika mno hata limechakaa. Katika kuta za shule huandikwa kwamba penye nia pana njia, na maana inayokusudiwa ni bidii: mtoto akikaza, atafaulu. Chuoni nako watoto hukaririshwa maneno ya kunuia saumu, wakayasema usiku wa Ramadhani huku wakisinzia. Bidii ni jambo jema, na maneno ya kunuia hayana madhara. Lakini Hadithi haisemi juu ya bidii, kwani mwizi naye ana bidii. Wala haisemi juu ya maneno ya ulimi. Nia ni upande ambao moyo umeuelekea wakati viungo vinapofanya kazi, na mwenye moyo mwenyewe ajue kwamba umeelekea huko.

Katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, mbele ya mkutano wa dini mbalimbali, Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Alionyesha kwamba hali za kimaumbile za mwanadamu, kama upole, huruma au ushujaa, si tabia njema zenyewe. Huwa tabia njema pale tu zinapotumiwa kwa akili na mahali panapostahili. Mtu mwoga asiyejibu anapopigwa hajasamehe, ameogopa tu. Mwana-kondoo ni mpole, lakini hatumsifu kwa uchaji. Anayesamehe ni yule awezaye kulipa kisasi, akapima, akaona kwamba msamaha utamfaa mkosaji, akausamehe mkono wake. Basi wema ambao mwenyewe haukujua wala haukuukusudia ni kama mvua iliyonyesha shambani kwako usiku umelala. Unashukuru, lakini huwezi kusema umelima.

Hapo yamkini msomaji ataniuliza: Haya ni kweli kwa matendo, lakini elimu inahusiana nini na nia? Akijifunza hesabu mtu mwaminifu na akijifunza mwizi, wote wawili watapata kwamba tano na tano ni kumi. Kwa nini elimu ya dini iwe kinyume?

Swali ni zuri, na wenye kuuliza hivyo aghalabu ni watu wa akili. Jibu ni kwamba katika hesabu kitu kinachotafutwa hakikujali wewe u nani. Lakini anayemtafuta Mungu hatafuti habari juu ya Mungu. Anatafuta kukutana naye. Mtu aweza kujua jina la jirani yake, umri wake, kazi yake na idadi ya mbuzi wake, asiwe amekaribishwa ndani hata siku moja. Tena mwenye nyumba ndiye afunguaye mlango, naye humjua anayebisha kwa sababu ya njaa, na anayebisha ili apate kuhesabu viti. Ndiyo maana Kurani Tukufu mwanzoni mwake (2:3) imejieleza kuwa ni uongozi kwa wacha-Mungu. Wapinzani wamelicheka jambo hilo wakisema: aliye mcha-Mungu tayari ana haja gani ya kuongozwa? Hawakuona kwamba ucha-Mungu unaotajwa hapo, katika daraja yake ya kwanza, ni ule moyo wa mtu anayesoma akiwa tayari kutii atakachokiona. Asiyekuwa nao atasoma kurasa zile zile, akatoka na sarufi.

Msomaji ambaye hajaingia katika Uislamu asidhani kwamba tunasema jambo la Waislamu peke yao. Sisi twaamini, kama ifundishavyo Kurani (35:25), kwamba hakuna umma ambao haukupelekewa mwonyaji. Basi tukiikuta nuru hii katika nyumba za wengine hatushangai, wala hatuionei haya.

Katika Mishna ya Wayahudi, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Nabii Isa a.s., yamo mazungumzo juu ya mtu anayepita nyuma ya sinagogi siku ya Mwaka Mpya wao. Ndani inapigwa baragumu ya pembe ambayo kila Myahudi ameamriwa kuisikia siku hiyo. Je, mpita njia huyu ametimiza amri? Wanazuoni wao wakajibu: ikiwa aliuelekeza moyo wake, ametimiza, ikiwa hakuuelekeza, hakutimiza. Sauti ni ile ile, na masikio yote mawili ni mazima. Kuelekeza huko kwa moyo wao hukuita kavana. Tena wanasimulia kwamba wacha-Mungu wa zamani walikuwa wakikaa saa nzima kabla ya sala ili mioyo yao ielekee mbinguni. Saa nzima kabla ya sala! Nasi tunaofika msikitini mbio, sala ya jamaa inaendelea, viatu bado havijatulia mlangoni, tuna la kujifunza hapo.

Katika Injili ya Yohana (7:17) Yesu anawaambia watu waliostaajabia elimu yake kwamba mwenye kupenda kuyafanya mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua kama mafundisho yake yametoka kwa Mungu. Tazama mpango wa maneno hayo. Sisi twataka kujua kwanza, kisha tuamue kama tutafanya. Yeye anaweka kupenda kufanya mbele, na kujua nyuma. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya nane, yumo Simoni, mchawi wa Samaria, ambaye alikwisha batizwa, akataka kuinunua kwa fedha karama aliyoiona. Petro hakumwambia kwamba fedha haitoshi. Alimwambia kwamba moyo wake haukunyoka.

Lakini mfano ulionichoma mimi zaidi ni wa Buddha, ambaye sisi Waahmadiyya twamhesabu miongoni mwa waonyaji wa Mungu waliotumwa kwa watu wao. Yeye alifundisha kwamba uzito wa tendo umo katika kusudi lake. Na kuhusu wanafunzi alitoa mfano wa nyoka. Wako watu, alisema, wanaojifunza mafundisho ili wawalaumu wengine na washinde katika mabishano. Mtu wa namna hiyo ni kama aliyekwenda kumtafuta nyoka, akampata, akamshika mkia. Nyoka atageuka na kumwuma mkono, na huenda akafa. Si kwa sababu nyoka hakupaswa kushikwa, bali kwa sababu ameshikwa pasipostahili.

Kwa nini ulinichoma? Kwa sababu sisi wa nchi hizi za Afrika Mashariki tumekuwa mabingwa wa kumshika nyoka mkia. Mwaka 1923 ilipigwa chapa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, na aliyeifanya hakuwa Mwislamu. Alikuwa Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kianglikana, UMCA. Kuzitafsiri sura 114 ni kazi nzito, na siwezi kuuhukumu moyo wa mtu. Lakini lengo la kitabu halikufichika: kilikuwa cha kuwasaidia waalimu wa misheni katika kujibizana na Waislamu. Kilipita miaka thelathini ndipo Jumuiya yetu, kwa kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad na waliomsaidia, ilipotoa mwaka 1953 Kurani Tukufu pamoja na tafsiri na maelezo kwa Kiswahili, ili watu waisome wapate kuifuata. Maneno ya Kiarabu yalikuwa yale yale katika mikono yote miwili.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwanyoshea Wakristo kidole. Je, sisi Biblia twaisoma kwa nia gani? Ujanani mwangu nilikuwa na daftari dogo la kubeba mfukoni, nimejaza namba za sura na mistari. Niliweza kutaja Kumbukumbu la Torati 18:18 na Yohana 16:13 kabla mwenzangu hajafungua kitabu chake, na vijana wakapiga makofi. Siku moja katekista mmoja mzee, baada ya kunisikiliza kwa utulivu, aliniuliza kuna nini katika Yohana sura ya 15, ile inayotangulia tu mstari wangu. Sikujua. Sikuwa nimewahi kuisoma. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniaibisha. Hoja zangu zilikuwa sahihi, na hata leo nazishikilia. Lakini kitabu ambacho naamini kwamba ndani yake yamo maneno ya Manabii wa Mungu nilikuwa nimekifanya rungu. Nami siogopi kukiri kwamba mtu mwenye desturi hiyo hataiacha mlangoni mwa Biblia. Ataifuata Kurani nayo kwa desturi ile ile, akitafuta aya ya kumpiga jirani, wala hataona aya inayompiga yeye.

Kama wadhani hili ni kosa la vijana wasiosoma, basi msikilize Imam Ghazali. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi, aliwekwa kuwa mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi wakikitamani. Wanafunzi mamia walimsikiliza. Miaka minne baadaye, kama alivyosimulia mwenyewe, aliitazama nia yake katika kufundisha, akaona kwamba haikuwa safi kwa Mungu: kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta cheo na kuenea kwa sifa. Zingatia kwamba hakugundua kosa katika masomo. Masomo yalikuwa sahihi. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo anaazimia kuondoka, kesho anabaki, mpaka ulimi ukafungwa asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi, na chakula kikamshinda. Waganga wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Mwaka 1095 aliugawa mali wake, akabakiza kiasi cha kuwatosha watoto, akatoka Baghdad akaenda Shamu. Na alipokubali tena kufundisha Nishapur mwaka 1106, alieleza kwamba ingawa kwa macho ya watu amerudi, yeye hakurudi: zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha, na sasa anafundisha elimu ya kuiachia jaha.

Sasa turudi kwa yule bwana wa harusi ya Jumapili. Kama nia ina uzito wote huu, je, hana tumaini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nusura nikosee. Wanaiona nia kama muhuri uliopigwa siku ya kwanza, usiofutika. Lakini Ghazali yule yule amenakili neno la mwanachuoni aliyekiri kwamba wao walianza kuitafuta elimu kwa jambo lisilokuwa la Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine ila ya Mungu. Na katika Talmudi, Rav, mwalimu wa Wayahudi wa Babeli katika karne ya tatu, aliwahimiza watu wasiache kujifunza Torati hata kama nia yao si safi, kwa kuwa kutokana na kusoma kusiko safi mtu hufika kwenye kusoma kulikosafika. Walimu wawili wa dini mbili, na baina yao karne nyingi, wameona jambo moja. Kurani nayo (49:15) inawataja Mabedui waliojidai kuwa wameamini, wakaambiwa waseme tu kwamba wamesilimu, kwani imani ilikuwa haijaingia mioyoni mwao. Haijaingia: yaani yaweza kuingia. Hawakufukuzwa. Waliambiwa kwamba wakimtii Mungu na Mtume wake, hawatapunguziwa chochote katika amali zao.

Na yuko aliyetoka na nia mbaya kuliko ya kutaka mke. Katika habari za maisha ya Mtume s.a.w. twasoma kwamba Umar bin Khattab alitoka nyumbani na upanga akusudie kumwua Mtume. Njiani akaambiwa aanze na nyumba ya ndugu yake, kwani dada yake Fatima na mumewe wamekwisha silimu. Akawakuta wanasomeshwa sura ya Taha. Akampiga dada yake hata damu ikamtoka. Alipoiona damu, akapoa, akaomba aonyeshwe ile karatasi. Dada akakataa mpaka aoge kwanza. Naye akaenda akaoga.

Husimuliwa sana jinsi aya zilivyomlainisha, na ni kweli. Lakini mimi nauangalia ule muda mfupi wa maji. Mtu wa upanga, mwenye hasira inayojulikana Makka nzima, anatii sharti la mwanamke aliyetoka kumpiga, ili apate kusoma kitu alichokuja kukiangamiza. Neema ya Mungu ilikwisha mtangulia, hakuna shaka. Bila hiyo asingeoga. Lakini aligeuka kwa kujua. Alitoka nyumbani na nia moja, akakiendea kitabu na nia nyingine, na kati ya hizo mbili hakuwa na zaidi ya saa chache. Na Hadithi ile ya nia tumeipata kwa njia gani? Imetufikia kwa mapokezi ya huyo huyo Hadhrat Umar r.a., aliyeisema hadharani akiwa juu ya mimbari.

Asije mtu akaitumia rehema hii kwa uvivu, akasema moyo wangu ni safi, sala si lazima. Nia isiyoinua hata mkono wa kutawadha ni ndoto. Katika Safina ya Nuhu, kitabu chake cha mwaka 1902, Seyidna Ahmad a.s. aliwaonya hata waliokwisha fungamana naye kwamba baiati ya ulimi si kitu mpaka moyo uazimie kuitenda.

Na kwa wewe, ndugu msomaji, ambaye ungali unachunguza, yeye ameacha njia ambayo haikulazimishi kumwamini kwanza. Katika Nishan-e-Asmani, yaani Ishara ya Mbinguni, kilichotoka mwaka 1892, alishauri kwamba mwenye kutaka kujua ukweli wake atubu, asali usiku, amwombe Mungu amfunulie, na aendelee hivyo kwa majuma mawili. Lakini akaweka sharti: moyo usafishwe pande zote mbili, usiwe na chuki wala mapenzi. Kwa sababu, alisema, anayeomba uongozi huku amejaa chuki, shetani humjia na kumzidishia kile kile alichokuja nacho. Sijui mdai mwingine aliyewaambia wachunguzi wake wasije na mapenzi.

Ijumaa iliyofuata yule bwana alikuja mapema. Nilimsimulia habari ya Mhajiri wa Umm Qays. Nikamwambia kwamba masahaba walimpa jina lile, na jina likabaki. Lakini habari haisemi kwamba aliamriwa kurudi Makka ili ahame upya. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama inampasa atamke shahada tena mbele ya watu, safari hii kwa nia iliyo safi. Nikamwuliza, kwa siku moja anaketi mara ngapi katika Attahiyatu akainua kidole.

Akahesabu taratibu. Akafika tisa, za faradhi tu. Akanyamaza, akavitazama vidole vyake, kisha akainuka kwenda kutawadha.